Usifukie Shimo la Hezron

Nanyala, 9 Juni 1946

Kwa dada yangu mpenzi Nesta, Mama Boazi, huko Chapwa,

Salamu nyingi sana kwa jina la Bwana wetu. Mimi mdogo wako Ketrina ni mzima, kichwa tu ndicho kinaniuma jua likiwa kali. Baba Hezron, mzee Enoka, anakusalimu, goti lake linamsumbua asubuhi lakini likishapata moto anatembea. Binti yangu Tabita anakusalimu, amekuwa mrefu kunizidi na kazi hataki. Mkwe wangu Fides, mke wa Hezron, anakusalimu. Mjukuu wangu Osea, mtoto wao, anakusalimu, aliniuliza huko Chapwa kuna nini, nikamwambia kuna samaki wakavu, akasema basi bibi twende. Shemeji yangu Kefa, mdogo wake mzee, anakusalimu pamoja na mkewe na mjukuu wao mdogo ambaye sasa anasimama dede. Hata ng'ombe wetu angekusalimu kama angekuwa na mdomo wa kusema. Na Hezron anakusalimu sana.

Nasi tunataka kusikia hali zenu, wewe mwenyewe, na shemeji Amoni kama ameandika kutoka migodini ng'ambo, na zaidi sana mwanao Boazi.

Dada, tangu siku ile pale Boma tulipokuwa tunangoja lori lililowaleta askari wa Keya kutoka vita vya Mwingereza, mimi na wewe tumeshikana mikono kama siku tulipobatizwa, sijakuandikia. Nisamehe. Najua kuandika kwangu unakujua, ni kule kule kwa darasa la ubatizo, herufi zinapanda mlima na kushuka. Lakini namshukuru Mungu kila siku. Watoto wa watu wangapi walikwenda Burma wakabaki huko, na wetu wawili, waliokaa kikosi kimoja, wakarudi wote na mikono yao na miguu yao.

Hezron ni mzima. Anakula. Haongei sana, lakini tangu utoto hakuwa mtu wa maneno. Ni mchapakazi mno, hata sasa watu wote wanachuma kahawa yeye ameshachimba shimo la kupandia mche mwingine, nyuma ya ghala la mahindi. Ni shimo moja tu lakini kubwa.

Nataka kukuuliza jambo dogo. Boazi analala vizuri? Analala ndani? Na yeye anachimba? Nauliza tu, dada, usifikiri kitu. Ni kwa sababu walikaa pamoja.

Barua hii nampa dereva wa lori la kahawa. Ukipata nafasi nijibu.

Mimi mdogo wako,
Ketrina, Mama Hezron


Chapwa, 17 Juni 1946

Mdogo wangu Ketrina, mtu wa kahawa,

Mulishani! Ndivyo tunavyosalimiana hapa siku hizi na wenzetu wa ng'ambo, na ukinicheka shauri yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka huyo ng'ombe. Sisi ni wazima. Amoni aliandika wakati wa Pasaka, anasema huko chini ya ardhi ni joto kama jikoni, akatuma blanketi. Mtu yuko kwenye joto anatuma blanketi! Ndiyo akili ya wanaume.

Boazi wangu usiulize. Amenenepa, anacheka, anapiga kelele mpaka majirani wanajua amerudi. Ana baiskeli, anapeleka samaki wakavu na chumvi huku na huko mpakani, mimi mama yake namwona kama mgeni, leo yuko hapa, kesho yuko kule. Anasema mfanyabiashara halali nyumbani. Na mambo ya kisasa aliyojifunza jeshini! Ameng'oa mlango wa nyumba yake, akauegemeza nje ukutani, eti hewa ni dawa ya kifua. Watu wananiuliza, Mama Boazi, mlango mmeuza? Nawaambia ninyi hamjasafiri.

Hapa kanisani kuna dresa mpya wa zahanati, anaitwa Gwakisa, naye alikuwa vitani upande wa hospitali. Ibada ikiisha anasimama kutufundisha mambo ya vyoo na nzi na maji. Wazee wananung'unika, eti choo katika nyumba ya Mungu. Mimi nasikiliza, anaongea vizuri, na meno yake ni meupe.

Sasa hilo shimo la kahawa. Ketrina, mimi nimezaliwa hapo hapo Mbozi. Nani anapanda kahawa nyuma ya ghala? Tena shimo moja? Huo mche utazaa kwa ajili ya kijiji kizima? Kama kuna neno, liseme. Kama hakuna, basi mwambie Hezron anywe maziwa, alale, ataongea tu. Wa kwangu haishi kuongea.

Dada yako,
Nesta


Nanyala, 30 Juni 1946

Dada Nesta,

Wote ni wazima, safari hii siwataji mmoja mmoja, moyo wangu hautulii.

Siyo shimo la kahawa. Analala humo.

Kina chake ni cha kifua cha mtu mzima, juu ameweka mabua ya mahindi na magome ya migomba. Jua likizama anaingia humo na blanketi la jeshi. Fides alimbembeleza mpaka akachoka, sasa analala na mimi na Osea. Mtoto hamjui baba yake, anasema yule mgeni kwa nini analala kama panya buku, mama yake anamfinya, na mimi nageuka nilie pembeni.

Wewe unajua mambo ya kwetu. Mtu hachimbi shimo la urefu wa mtu nyumbani kama hakuna maiti. Ukichimba na kuliacha wazi, unaita kifo. Majirani wamekwishaliona. Wanapita wanatazama kama hawatazami. Basi mimi nilifanya lile ambalo mama yeyote wa hapa angefanya. Kila asubuhi akienda kuoga mtoni, nachukua jembe naanza kufukia, na Tabita ananisaidia, tunashindilia kwa miguu, natupa na majivu juu. Nafukia huku naomba, Bwana, kifo kipite mbali.

Akirudi, dada, ndipo kuna taabu. Akikuta udongo umejaa, hatafuti jembe. Anapiga magoti anachimba kwa mikono kama mbwa, jasho linamtoka, analia, anaita watu. Majina mengine siyajui. Lakini jina moja nalijua. Anaita Boazi! Boazi! Mpaka sauti inakatika. Sasa niambie, kwa nini amlilie Boazi kama mtu aliyekufa, na Boazi yuko huko anauza samaki?

Tukimshika anatupa mtu. Alimwangusha baba yake, hakukusudia, baadaye akakaa anamkanda lile goti. Mchana mwingine ni mtu mzuri kabisa, anachuma kahawa, anamchongea Osea fimbo. Halafu tunafukia, inaanza tena.

Shemeji Kefa amesema kahawa ikiisha kuchumwa watamfunga kamba wampeleke Boma, na kutoka Boma atapelekwa huko mbali kwenye nyumba ya wenye wazimu. Anasema wanaokwenda huko wanatunzwa. Nikamuuliza, umewahi kumwona aliyerudi? Akainuka akaenda zake.

Nilimngoja huyu mtoto muda wote wa vita. Nilikuwa nikisikia lori barabarani naacha chungu kinaungua. Sasa nimempata, nimfunge tena kamba nimtoe nje mwenyewe?

Tafadhali muulize Boazi. Yeye alikuwepo. Mwambie mama yake Hezron anauliza nini kilitokea huko.

Ketrina


Chapwa, 8 Julai 1946

Mama Hezron,

Shikamoo mama. Ni mimi Boazi. Mama yangu alinipa barua yako niisome, nikaenda nayo mbali na nyumba. Kuandika naweza, tulifundishwa kambini, lakini haya sijamwandikia mtu.

Mama, usifukie shimo.

Kule Burma mvua siyo mvua ya Mbozi. Inanyesha mpaka nguo inaozea mwilini. Tulikaa mlimani, kila askari shimo lake, na mashimo mengine ya watu wengi. Aliyekuwa ndani ya shimo alipona, aliyesimama nje hakupona. Kwa hiyo shimo la Hezron siyo kaburi. Kwake hilo ndilo nyumba.

Siku moja mabomu yalipiga juu yetu na ule udongo wa mvua ukaanguka wote. Mimi nilikuwa chini na wenzetu wengine. Sikuona kitu, sikuweza kupiga kelele, mdomo ulijaa. Hezron alikuwa shimo la pili. Alitoka wakati bado wanapiga, akachimba kwa mikono. Aliponifikia kucha zake zilikuwa zimetoka. Wengine hakuwafikia. Alikuwa anawasikia, mama, halafu akawa hawasikii. Sajini alimvuta kwa nguvu akamtoa.

Anajua kwamba mimi nilitoka. Mchana anajua. Lakini ukilifukia lile shimo, anaona tumefukiwa tena na yeye ndiye aliyekwenda kuoga.

Nimemsomea dresa Gwakisa barua yako, usikasirike. Anasema aliwaona wengi hospitali ya jeshi, Wazungu na Waafrika na Wahindi. Anasema siyo uchawi wala siyo wazimu wa kuzaliwa nao, ni ugonjwa wa hofu iliyokaa mwilini baada ya hatari kwisha. Anasema msimfunge. Msimshtue kwa nyuma. Msimwache peke yake, wala msimlazimishe kueleza, akitaka mwenyewe ataeleza. Alale pale anapoweza kulala. Mpeni kazi pamoja na watu. Anasema huchukua muda mrefu lakini wengi hupata nafuu, na watu wa nyumbani ndio dawa kubwa kuliko chupa zake.

Mama yangu alikuandikia kwamba mimi ni mzima. Ule mlango niling'oa kwa sababu ukifungwa nasikia udongo mdomoni. Kwenye baiskeli ndiko sisikii. Ndiyo maana nasafiri.

Unataka kuniambia nije. Sijaweza. Nikiona uso wake naogopa nitarudi chini. Nisamehe mama.

Boazi, mwana wa Amoni


Nanyala, 16 Julai 1946

Boazi mwanangu, na wewe dada Nesta,

Sifukii tena. Nilisoma barua mara moja tu, nikaenda nikalitupa lile jembe mbali. Nimelia mno, mimi ndiye niliyekuwa nikimchoma mtoto wangu kidonda kila asubuhi na maombi juu yake. Sasa nachukua kigoda changu na maharage ya kuchambua, nakaa ukingoni mwa shimo. Simwulizi neno. Namsimulia mambo ya nyumba, mbuzi wa fulani amekula nini, fulani kaolewa wapi. Jana aliniuliza kutoka humo ndani, mama, huyo mbuzi ni yule wa pembe moja? Nikajibu ndiye. Basi, hayo tu, na mimi nilifurahi kama aliyepewa shamba.

Lakini kuna msiba. Yule mjukuu wa Kefa aliyekuwa anasimama dede amefariki. Kuhara damu. Na watoto wengine wawili huku bondeni wanaumwa hivyo hivyo. Watu wanasema shimo limeanza kula. Kefa mwenyewe amesema mbele ya waombolezaji, halafu hakunitazama. Simlaumu, amemzika mtoto kwa mikono yake. Jumapili baada ya ibada atakuja na vijana na kamba, hawangoji tena kahawa iishe.

Mzee wangu hasemi kitu. Anakaa na goti lake.

Boazi, wewe huwezi kuja, umesema, na mimi nimesikia. Sikulazimishi. Lakini watu hawa hawajui ulichoniandikia, na mwanamke akisimama kueleza mambo ya Burma nani atamsikia? Ningekuwa na mtu mmoja tu aliyekuwepo. Basi. Mungu anajua.

Ketrina


Chapwa, 23 Julai 1946

Ketrina mdogo wangu,

Boazi hayupo. Aliondoka Alhamisi bila kuaga, baiskeli ameiacha. Ameiacha! Kwa hiyo siyo biashara. Nimeuliza mpakani, hawajamwona. Kama yuko kwako niambie haraka, kama hayuko usiniambie, ngoja kwanza.

Nilikuandikia anacheka. Ni kweli anacheka. Lakini kuna kicheko kinachokaa juu ya uso tu, na mama anakiona. Nilikuwa naona aibu, Ketrina. Mtoto wangu amerudi na nishani, niseme nini kanisani, kwamba anaogopa mlango?

Nilikwenda kwa Gwakisa nikamweleza habari za watoto wenu. Alisimama hapo hapo. Anasema kuhara damu hakutoki shimoni kwa Hezron, kunatoka kwenye maji na nzi. Mavi ya mgonjwa yakiingia mtoni, wanaochota chini yake wanaumwa. Chemsheni maji yachemke kweli kweli, siyo ya vuguvugu. Anawe mikono kila anayemsafisha mtoto. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo asikauke, uji mwepesi, na apelekwe zahanati, wasingoje. Na kila nyumba ichimbe choo mbali na mto. Amesema wasomee watu wote barua hii. Basi wasomee, ila ya mlango usiwasomee.

Niambie kuhusu mwanangu.

Nesta


Nanyala, 29 Julai 1946

Dada Nesta, mama wa Boazi,

Yuko kwangu! Yuko kwangu, mzima, amekula ugali wa ulezi na maharage, ameongezwa mara mbili. Kaa chini, pumua, halafu soma.

Alikuja kwa miguu njia nzima. Alifika Jumamosi, siku mbili baada ya kuondoka kwako, vumbi mpaka kwenye kope. Hakubisha hodi. Alisimama kando ya barabara akitazama ghala letu, na mimi nilifikiri ni mpita njia anayetaka maji. Nilipomjua nilitaka kupiga kigelegele, akaniwekea kidole mdomoni. Akasema, mama, leo niache hapa kwanza. Akakaa chini ya mti wa parachichi mpaka giza. Nikampelekea uji. Sikumwambia nenda.

Jumapili Kefa akaja na vijana wanne na kamba ya magome. Watu wengi nyuma, wengine bado na nguo za kanisani. Hezron alikuwa shimoni, aliposikia miguu akainama chini kabisa. Kefa akasema, "Hezron, toka. Tumekuja kukusaidia." Hakutoka. Akasema, "Toka mwanangu, nisikuvute." Mara nikaona Boazi amepita katikati ya watu, uso kama majivu, akaenda moja kwa moja akarukia ndani ya shimo.

Dada, ninavyokwambia, nilikimbia mpaka ukingoni.

Tukasikia Hezron anasema polepole, "Ulitoka?" Na Boazi anasema, "Nilitoka, ndugu yangu. Wewe ulinitoa. Shika mkono, huu hapa." Wakakaa humo. Watu wakasogea kuchungulia.

Kefa akasema, "Na huyu ni nani tena? Mmekuwa wawili? Mimi nimeleta kamba ya mtu mmoja!"

Hapo mzee wangu Enoka, ambaye tangu mwezi wa sita hajasema neno juu ya jambo hili, akainuka kwenye kigoda. Akasema, "Basi Kefa, tuma watu walete nyingine, maana na mimi naingia." Akaenda na fimbo yake, akakaa ukingoni, akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, goti likakataa. Akaning'inia hapo. "Nishikeni, jamani! Goti! Goti!" Hezron akamdaka baba yake kifuani, akamweka chini vizuri, akamtazama, akasema, "Baba, kambi hii haipokei wazee."

Na akacheka. Nesta, alicheka! Kicheko chake kile cha zamani kinachotoka puani. Na wale vijana wa kamba wakacheka, na wanawake wakacheka na kulia, mimi nikakipiga kile kigelegele nilichozuiwa Jumamosi.

Kefa tu hakucheka. Aliketi juu ya lile rundo la udongo akaanza kumlilia mjukuu wake, kwa sauti, kama hakuwa amelia siku ya mazishi. Tukawa hatujui tufanye nini. Basi Hezron akatoka shimoni mwenyewe, hakuna aliyemvuta, akaenda akakaa karibu naye, bega kwa bega.  Kefa akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka akatulia.

Baadaye Boazi akawaeleza watu yaliyotokea mlimani kule. Maneno machache tu. Wapo wazee waliovua kofia. Na barua yako ya Gwakisa ilipofika Alhamisi, watu wakakusanyika tena, nikawasomea nimesimama, ya mlango nikairuka. Mke wa Kefa akauliza, maji tunachota wapi na haja tunakwenda wapi? Kila mtu akatazama chini, maana kila mtu anajua ni vichaka vilivyo juu ya mto. Hezron ndiye aliyejibu. Alisema kule jeshini askari akichafua karibu na maji anaadhibiwa kuliko aliyelala zamu. Akamwambia Kefa, baba mdogo, nikuchimbie choo kwako kesho? Kefa akasema, tutachimba wote.

Na wamechimba. Boazi anapima, Hezron anachimba, Kefa anatoa udongo. Wakifika kina kirefu Boazi hashuki, anabaki juu, na hakuna anayemwuliza. Wale watoto wawili wa bondeni, mmoja ameanza kula, wa pili tulimpeleka zahanati kwa machela.

Mwanao atakaa nasi mpaka kahawa iishe. Anakusalimu. Anasema baiskeli usimwazime mtu.

Ketrina


Chapwa, 11 Agosti 1946

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea hapo hapo kwenye lori, dereva akanitaka nishuke, nikamwambia subiri, mtoto wangu yuko humu. Nimelia mpaka nikapata njaa.

Nimefanya jambo. Jumapili baada ya Gwakisa kufundisha mambo ya nzi nilisimama, nikasema mbele ya wote, mwanangu anaogopa mlango, wa kwenu anaogopa nini? Wakatazamana. Nikafikiri nimejiaibisha. Halafu mama mmoja wa nyuma akasema, wa kwangu anaogopa radi. Mwingine akasema, wangu anakunywa mpaka analala njiani. Ketrina, tulikuwa tumejaa pale kanisani, kila mmoja na wake, tunasalimiana hatujambo, hatujambo!

Gwakisa amesema tukutane kila mwezi, na waliorudi wakutane wenyewe pembeni, hata wakicheza bao tu. Mlango bado uko ukutani. Nimeufunika, mvua isije ikauharibu.

Nesta


Nanyala, 6 Oktoba 1946

Dada yangu Nesta,

Salamu kutoka kwa wote, mzee na goti lake, Tabita na uvivu wake, Fides, Osea, Kefa na mkewe, na Hezron. Natumaini Boazi alifika salama na mfuko wa kahawa hakuufungua njiani.

Nakuletea habari nzuri nikianza na ile kubwa. Hezron analala barazani. Mlango wazi, miguu ndani, kichwa nje, na Fides upande wa miguu. Mzee Enoka anasema tumepata nusu, nusu nyingine itafuata. Zipo siku mbaya. Wiki iliyopita walipasua miamba kwa baruti barabarani, akapotea mpaka jioni. Zamani ningepiga mayowe. Safari hii Fides alikwenda akakaa naye pale alipokuwa, akamngoja, wakarudi pamoja wakibeba kuni. Osea sasa anamwita baba, ila akikasirika anamwita tena mgeni.

Vyoo vimeenea mpaka kwa wale waliokuwa wanacheka. Tangu mwezi wa nane hatujazika mtoto kwa kuhara. Kefa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama maji yamechemshwa, anafunua vyungu vya watu, amekuwa kero kabisa, na hakuna anayemfukuza.

Sasa sikiliza kinachonifanya niandike haraka. Jana alikuja mwanamke anaitwa Tusekile, wa kutoka Ikinga, ana ndugu hapa. Alisema anaazima chumvi. Nikampa. Akabaki amesimama na ile chumvi mkononi, anaisifu nyumba, anasifu kuku. Nikamtazama macho yake, dada, nikayajua. Yalikuwa yangu ya mwezi wa sita. Nikamwambia, mama, kaa hapa, amerudi lini? Akaangua kilio. Mwanawe Osward amerudi vitani, haongei kabisa, wamemfungia chumbani na gogo mlangoni kwa sababu alikimbilia msituni, na huko kwao wanasema apelekwe mbali.

Nikamweleza yote. Shimo, majivu, kamba, yote, na ujinga wangu wa kufukia. Sikuona haya hata kidogo. Hezron alikuwa nje anasikiliza, nikadhani ataondoka. Akaingia ndani, kichwa na miguu yote, akamwuliza Tusekile, "Hilo gogo mlangoni, mama, nani anaweza kuliondoa?" Akasema, "Baba yake." Hezron akasema, "Basi nitaongea na baba yake."

Amekwishafunga blanketi lake la safari. Lakini nataka Boazi aende naye, wawili ni bora, na Boazi ndiye anayejua kusema na watu. Muulize pia Gwakisa kama ana neno kwa mtu asiyeongea, uliandike lote, usifupishe. Tusekile yuko hapa kwangu, analala na Tabita, haondoki bila hao vijana. Lori la kahawa linarudi huku Alhamisi. Nijibu kwa hilo hilo, dada, hata mstari mmoja, Boazi anakuja au haji. Hezron anasema asipokuja atatangulia, njia ya Ikinga haijui lakini atauliza watu.

Mimi mdogo wako mwenye furaha,
Ketrina, Mama Hezron